Kutafsiri Maneno ya Biashara za Nyumbani kutoka Kihispania kwenda Kiingereza: Mwongozo kwa Mfasiri Anayeanza

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mfasiri Mtanzania anayeweza kusoma Kihispania bila kukimbilia kamusi katika kila mstari, anayeandika Kiingereza sanifu, na ambaye amepewa au anatarajia kupewa matini zinazohusu biashara ndogo zinazoendeshwa nyumbani. Huenda ni maombi ya mkopo ya mama anayeoka mikate jikoni kwake, fomu ya usajili ya fundi viatu, ripoti ya utafiti kuhusu wauza chakula, au mkataba wa ukurasa mmoja kati ya mshonaji na mwenye duka. Kazi hii ninaifanya Kigoma, katika chumba kimoja eneo la Mwanga, na wanaonitumia matini wako mbali, wengi wao Uingereza. Kama ilivyo kwa wenzangu kadhaa hapa, nilikifikia Kihispania kwa kupitia Kifaransa, lugha ambayo kwa ujirani wetu na Burundi na Kongo si ngeni mjini kwetu.

Jambo moja linaongoza hatua zote zitakazofuata: neno la Kihispania lisivushwe moja kwa moja hadi kwenye Kiingereza, bali lipitishwe kwanza sokoni kwetu. Kiingereza cha biashara tulichofundishwa shuleni na vyuoni ni cha kampuni, benki na hisa. Biashara ya nyumbani, ile ya karai, cherehani, daftari la madeni na mchezo wa akina mama, tumeijua kwa Kiswahili, na tunaijua vizuri sana. Mfasiri anayejiuliza kwanza kitu hiki sokoni Mwanga au Ujiji kingeitwaje, huwa ameshakiona kwa macho kabla ya kukitafutia jina la Kiingereza, na mara nyingi makosa makubwa humpitia mbali.

Hatua ya kwanza: tambua nchi kabla ya kufungua kamusi

Kihispania ni lugha ya taifa katika nchi takriban ishirini, na maneno ya biashara ndogo ndiyo yanayotofautiana zaidi kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa sababu yamezaliwa mitaani na katika ofisi za halmashauri za kila nchi. Kabla ya kutafsiri hata sentensi moja, andika juu ya karatasi jina la nchi ambako matini imetoka. Kama mteja hakukueleza, litafute ndani ya matini yenyewe: jina la mji, aina ya fedha, na hasa namba ya mlipakodi. Palipoandikwa RFC ni Meksiko, CUIT ni Ajentina, NIF ni Hispania, RUC huenda ni Peru au Ekuado, na NIT yaweza kuwa Kolombia, Guatemala au Bolivia. Angalia kwa makini RUT, kwa kuwa nchini Chile herufi hizo husimama badala ya namba yenyewe ya mlipakodi, ilhali nchini Kolombia zinataja daftari la usajili wa walipakodi. Zote hizo ni ndugu wa TIN yetu, lakini katika Kiingereza usiandike TIN peke yake kana kwamba ni namba ya Tanzania. Acha herufi za asili, kisha eleza kwa maneno machache kwamba ni namba ya mlipakodi ya nchi fulani.

Chukua neno "bodega". Nchini Hispania ni ghala la mvinyo au kiwanda chake, Meksiko ni ghala la bidhaa, na Peru ni duka dogo la mtaani linalouza mchele, sukari na sabuni, mara nyingi sebuleni mwa mwenye nyumba. "Almacén" nchini Hispania ni ghala, lakini Ajentina na Chile mama anaweza kumtuma mtoto "almacén" akanunue mkate. "Giro" nchini Hispania inaweza kuwa fedha zilizotumwa kwa posta, ilhali kwenye fomu ya Meksiko au Chile inauliza unafanya biashara ya aina gani, na Kiingereza chake hapo ni "line of business".

Neno lililonifundisha hatua hii ni "patente". Miaka ya mwanzo nilitafsiri fomu za mwanamke wa Chile aliyekuwa akioka mikate nyumbani kwake, na mahali palipoandikwa kwamba amelipia "patente" yake mimi niliandika "patent". Aliyenipa kazi aliniuliza kwa barua pepe mwanamke yule amevumbua nini. Nilirudia karatasi zote usiku ule na sikuona kosa liko wapi. Nililiona siku kadhaa baadaye nikiwa Kibirizi, kwenye mwalo wa maboti yanayokwenda Kongo, nilipomsikia mfanyabiashara wa vitenge kutoka ng'ambo akibishana na mwenzake kuhusu "patente" yake, kisha akaitoa kwenye pochi: karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri, inayomruhusu mfanyabiashara mdogo kuuza. Kumbe nchini Chile nako ni hivyo hivyo. Ni kibali cha biashara ambacho mtu hulipia kwa halmashauri, na kwa Kiingereza ni "municipal business licence". Laiti ningejiuliza mapema kwamba mwoka mikate wa Kigoma angelipia kitu gani halmashauri, nisingefikiria uvumbuzi hata kidogo. Neno hilo hilo nchini Chile na Ajentina hutumika pia kwa namba ya gari, kwa hiyo hata ndani ya nchi moja soma sentensi nzima.

Kwa kazi ya hatua hii, kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania inapatikana bure kwenye intaneti, na huonyesha kwa vifupisho neno linatumika nchi gani. Ipo pia kamusi ya maneno ya Kihispania cha Amerika, iliyotolewa mwaka 2010 na muungano wa vyuo vya lugha hiyo, nayo ndiyo ninayoifungua mara nyingi zaidi. Kamusi ndogo za mfukoni zisizotaja nchi ziache kabisa kwa kazi hii.

Hatua ya pili: uliza kazi ni ya nani

Neno "domicilio" maana yake ni makazi, na katika matini za biashara za nyumbani litajitokeza karibu kila ukurasa, kila mara kwa sura nyingine. "Domicilio fiscal" ni anwani inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, hata kama hakuna kinachouzwa hapo. "Servicio a domicilio" ni huduma inayomfuata mteja kwake, kama chakula kinacholetwa mlangoni au msusi anayekuja nyumbani kwako. "Trabajo a domicilio" ni jambo la tatu, nalo ndilo linalowachanganya wengi.

Fikiria mafundi cherehani wawili wa Ujiji. Wa kwanza hununua vitenge kwa fedha yake, hushona magauni anayoyafikiria mwenyewe, huuza kwa bei anayoipanga, na asipouza hasara ni yake. Wa pili huletewa vitambaa vilivyokwisha kukatwa na mwenye duka, hushona kwa mtindo alioagizwa, na hulipwa kwa idadi ya nguo alizomaliza. Wote wawili wameketi nyumbani, wote wana cherehani, na mpita njia hataona tofauti yoyote. Kwa Kihispania, hata hivyo, wa kwanza ni "trabajadora por cuenta propia" na wa pili ni "trabajadora a domicilio". Kwa Kiingereza cha takwimu na sera, wa kwanza ni "own-account worker" na wa pili ni "homeworker". Ukimwita wa pili mwenye biashara, umempa mtaji asiokuwa nao, na pengine umemwondolea haki ambayo sheria inampa kama mfanyakazi.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1996 Mkataba namba 177 unaohusu kazi hiyo ya pili, na maandishi yake yanapatikana kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Fungua nakala zote mbili, uziweke sambamba, usome kifungu cha kwanza katika kila moja, na utapata maneno ambayo mtu yeyote wa masuala ya kazi atayakubali bila kuuliza. Utaona pia kwamba Kiingereza cha mkataba ule huandika "home work" kwa maneno mawili, kwa sababu yakiunganishwa msomaji atadhani ni kazi ya shule ya mtoto. Mbinu hii ya kusoma waraka mmoja rasmi katika lugha mbili inanisaidia kuliko orodha yoyote ya istilahi, na ningependa kila mfasiri anayeanza aizoee mapema. Hifadhidata ya istilahi ya Umoja wa Ulaya iitwayo IATE nayo ni ya bure, na inafaa sana kwa matini za Hispania, ingawa kwa matini za Amerika inabidi uitumie kwa tahadhari.

Hatua ya tatu: tafuta sheria iliyo nyuma ya jina

Yako majina ambayo hayaelezi tu kazi ya mtu bali hadhi yake mbele ya sheria, na haya yanahitaji ubaridi wa kichwa. Nchini Hispania "autónomo" ni mtu aliyejiajiri ambaye amejisajili kwenye mamlaka ya kodi na kwenye hifadhi ya jamii, na anayelipa mchango wa kila mwezi uitwao "cuota". Sheria inayomhusu ni namba 20 ya mwaka 2007, na tangu 2023 mchango wake hukadiriwa kwa kipato chake halisi. Kwa msomaji wa Uingereza andika "self-employed" au "sole trader", na kwa wa Marekani "sole proprietor". Pale mtu anaposema "darse de alta", anajisajili, na "darse de baja" ni kujiondoa kwenye usajili. Mashine za kutafsiri hapa huleta maneno ya juu na chini au ya kuruhusiwa hospitali, na ni kweli "baja" peke yake yaweza kuwa likizo ya ugonjwa, kwa hiyo angalia kinachoizunguka.

Chile ina sheria namba 19.749 ya mwaka 2001 inayohusu hasa biashara za nyumbani. Inaitambua "microempresa familiar", yaani biashara inayoendeshwa ndani ya nyumba ambamo familia inaishi, isiyo na wafanyakazi zaidi ya watano kutoka nje ya familia, na ambayo vifaa vyake vya uzalishaji, bila kuhesabu thamani ya nyumba, havizidi UF 1,000. UF ni kipimo cha thamani cha Chile kinachopanda pamoja na mfumuko wa bei, kwa hiyo usikigeuze kuwa paundi wala dola bila kutaja tarehe. "Family microenterprise" inatosha kwa Kiingereza, mradi mara ya kwanza uache jina la Kihispania kando yake ili mwanasheria aweze kulitambua.

Neno "microempresa" lenyewe lisikudanganye kwa wepesi wake. Katika Umoja wa Ulaya, na hivyo Hispania, ni biashara yenye wafanyakazi wasiofika 10 na mauzo au mizania isiyozidi euro milioni 2 kwa mwaka. Sera yetu ya mwaka 2003 ya biashara ndogo na za kati iliweka biashara ndogo kabisa kuwa ya mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Duka ambalo Sevilla linaitwa "microempresa", Kigoma lingekuwa la tajiri wa mtaa. Tafsiri ya neno itakuwa sahihi, lakini msomaji ataona picha isiyo ya kweli, na hapo maelezo mafupi chini ya ukurasa yanatakiwa.

Nchini Ajentina utakutana na "monotributo", mpango uliowekwa na sheria ya mwaka 1998, ambao mlipaji mdogo hulipa kila mwezi kiasi kimoja kilichojumlisha kodi na michango ya pensheni na afya. Nilipoanza nililifananisha na kodi ya makadirio inayokadiriwa na TRA, na kwa kiasi fulani linafanana nayo. Lakini kodi yetu ya makadirio haina pensheni ndani yake. Hapa ndipo soko la kwetu linapofika mwisho wa msaada wake. Linatuonyesha jirani wa kitu hicho, ila haliwezi kutupa jina lake. Acha neno "monotributo" kwa herufi mlazo, ulieleze mara moja, kisha uendelee nalo hivyo hivyo.

Kuba nayo ina msamiati wake. Aliyejiajiri anaitwa "cuentapropista". Mgahawa wa nyumbani unaitwa "paladar", neno ambalo kwa kawaida ni kaakaa la mdomo, na ambalo Wakuba walilichukua kutoka tamthilia ya televisheni ya Brazili katika miaka ya 1990. Chumba cha kupangisha wageni kiko katika "casa particular". Mashine itakuletea kaakaa na nyumba ya pekee. Wewe andika mgahawa wa kifamilia na nyumba ya kulaza wageni kwa Kiingereza kinachoeleweka, na uache majina yenyewe kwa kuwa wasafiri wamekwisha kuyazoea.

Hatua ya nne: ingia sokoni

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo ambayo mfasiri wa Kigoma ana mali nyingi kuliko anavyodhani.

Peru na Bolivia wanalo neno "casero" au "casera". Hispania ni mwenye nyumba anayekupangisha, na mbele ya jina la chakula ni kitu kilichopikwa nyumbani. Lakini kwenye soko la Lima au La Paz, mnunuzi humwita muuzaji "casera", na muuzaji naye humwita mnunuzi "casera" vile vile. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa kuhangaika, wakati sisi tunaliishi kila siku: mama anayeuza dagaa hukuita kastama, na wewe ukimweleza jirani umezinunua wapi unasema umezinunua kwa kastama wako. Ni uhusiano wa pande mbili, wenye kuaminiana, unaojengwa kwa kurudi pale pale. Ukishaliona hivyo, Kiingereza kinajipanga chenyewe. Mnunuzi akizungumza ni "my usual stallholder", muuzaji akizungumza ni "my regular". Hakuna neno moja la Kiingereza linalobeba pande zote mbili, kwa hiyo usilitafute.

Kastama huyo huyo hukupimia dagaa kwa kopo, akalijaza hadi dagaa wa juu wanaanguka, akamimina kwenye mfuko, kisha kabla hujasema niongezee akachota tena kwa vidole vitatu na kuweka juu. Konzi hiyo ndogo ya mwisho, tunayoiita nyongeza, ndiyo "yapa" ya nchi za Andes, neno lililotoka lugha ya Kikechua. Kwenye nchi za Karibea wanasema "ñapa", na Meksiko "pilón". Kiingereza cha Louisiana kimelichukua kama "lagniappe", na baadhi ya kamusi zitakupa neno hilo kwa majivuno, lakini msomaji wa London hatalielewa. Andika "a little extra" au eleza kwamba muuzaji ameongeza kidogo bila malipo. Iwapo matini ni ripoti ya gharama, isiitwe punguzo la bei, kwa sababu bei haikupungua hata senti. Kilichobadilika ni kipimo, na mhasibu atahitaji kulijua hilo.

Madeni yanataka jicho kali zaidi. "Vender fiado" ni kukopesha mteja aliyechukua kitu kwa matumizi yake, akaandikwa kwenye daftari. Maduka mengi ya Amerika ya Kihispania hubandika maandishi yasemayo leo hakuna kukopa, kesho ndiyo, na ambaye amesoma kuta za maduka yetu hahitaji kuelezwa. "En consignación" ni tofauti: ni bidhaa alizopewa mtu akauze, alipe baada ya kuuza. Hayo ni mali kauli. Fundi sabuni anayemwachia mwenye kioski miche ishirini mpaka Jumamosi hajamkopesha kama anavyomkopesha jirani mche mmoja wa kufulia. Kiingereza nacho hutenganisha: la kwanza ni "on credit", au "on tick" katika mazungumzo ya Waingereza, na la pili "on consignment", au "sale or return" kama bidhaa zisizouzika hurudi kwa mwenyewe. Katika maombi ya mkopo, kuchanganya mawili haya kunaweza kumfanya afisa wa benki ahesabu mara mbili mali ile ile.

Nikiwa bado kwenye sabuni, nitaje neno "merma". Jirani yangu huchemsha sabuni ya mawese uani, huimimina kwenye kisanduku cha mbao, na ikishaganda huikata miche kwa waya. Mche uliokatwa leo ukiupima, halafu ukaupima tena baada ya wiki mbili za kukauka kivulini, hautakuwa na uzito ule ule, na vipande vya pembeni vilivyovunjika havikuuzwa kabisa. Kihispania hukusanya upungufu wote huo katika neno "merma", pamoja na kilichooza na hata kilichoibiwa dukani. Kiingereza kinataka sababu: uzito uliopotea kwa kukauka ni "weight loss in drying", mabaki ya kukata ni "wastage", na upungufu wa dukani unaojumuisha wizi ni "shrinkage". Ukiandika hili la mwisho kwa sabuni iliyokauka tu, msomaji anayejua biashara atadhani kuna mwizi nyumbani kwa yule mama. Kama matini haitaji sababu, muulize aliyekupa kazi.

Akiba za pamoja nazo zina majina mengi kuliko kitu kingine chochote. Meksiko ni "tanda", Peru "junta", Bolivia "pasanaku", Guatemala "cuchubal", Jamhuri ya Dominika "san". Kwetu ni mchezo au upatu: watu kumi wanachanga kiasi sawa kila wiki na mmoja anazoa zote, mpaka zamu imzungukie kila mtu. Kiingereza cha kitaalamu ni "rotating savings and credit association", na cha kawaida "savings circle". VICOBA si kitu hicho, kwa kuwa kina hisa, mikopo yenye riba na mgawo wa mwisho wa mzunguko. Ongeza tahadhari moja: magazeti yetu hutumia neno upatu pia kwa utapeli wa piramidi unaokatazwa na sheria, na nimeona kijana mwenye bidii akihama kutoka "tanda" kwenda upatu, na kutoka upatu kwenda "pyramid scheme". Wanawake kumi waaminifu waligeuzwa matapeli kwa maneno mawili.

Hatua ya tano: fedha, tarakimu na vipimo

Alama ya "$" katika matini ya Chile, Meksiko, Kolombia au Ajentina kwa kawaida ni peso. Ifute katika tafsiri yako na uweke kifupisho cha fedha ya nchi hiyo: CLP, MXN, COP au ARS. Kisha soma nukta na mkato. Chile na Hispania hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kwa hiyo "$ 1.250.000" ya fomu ya Chile ni CLP 1,250,000 katika Kiingereza. Meksiko huandika kama sisi, na "$1,250.00" yao ni peso elfu moja mia mbili na hamsini tu. "Billón" ya Kihispania ni milioni mara milioni, ambayo kwa Kiingereza ni "trillion". Bilioni yetu wao huiita "mil millones".

Vipimo vya kiasili visigeuzwe kwa kukisia. "Quintal" ya kahawa ya Guatemala ni kilo 46 hivi, ya Ajentina ni kilo 100, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya zaidi ya nusu ya mzigo. Weka jina la kipimo, halafu kilo.

Hatua ya sita: maneno yanayofanana sura

Haya yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia haraka. "Sociedad" katika biashara ni "company". "Empresario" ni "business owner", na "impresario" ya Kiingereza ni mtu wa maonyesho ya jukwaani. "Ejercicio" ni mwaka wa hesabu, "efectivo" ni fedha taslimu, "local" ni chumba cha biashara, "balance" ni mizania, na salio ni "saldo". "Facturación" inaweza kuwa utoaji wa ankara au jumla ya mauzo ya mwaka, na tarakimu iliyo kando yake itakuambia ni ipi. "Utilidad" katika nchi nyingi za Amerika ni faida. "Beneficio" nayo ni faida, isipokuwa kwenye matini za kahawa za Amerika ya Kati, ambako ni kiwanda cha kuchakata kahawa. Mtu wa Kalinzi, ambako kahawa inalimwa, atalikamata kosa hili upesi, kwa sababu sentensi inayosema faida imeharibika pampu ya maji haiingii akilini.

Hatua ya saba: faharasa, kusoma kwa sauti na kukabidhi

Kwa kila kazi fungua jedwali lenye safu tano: neno la Kihispania, nchi, kitu chenyewe kwa Kiswahili, Kiingereza ulichochagua, na sentensi ulimolikuta. Safu ya Kiswahili usiiruke, hata kama mteja hataiona. Ukishindwa kuijaza, huo ni ushahidi kwamba bado hujaelewa kinachozungumzwa, na ni bora kusimama hapo kuliko kusonga mbele na neno lililokopwa kwenye kamusi. Jedwali langu sasa lina nchi kumi na moja, na kila kazi mpya huanza kwa kulipitia.

Tafsiri ikikamilika, iache ilale usiku mmoja. Asubuhi mwite mtu anayejua Kiingereza na aliyewahi kufanya biashara, hata kama hajui neno moja la Kihispania, umsomee kwa sauti. Mimi humsomea dada yangu mwenye genge la nyanya na mawese, aliyefika kidato cha nne. Akisema sijaelewa huyu mtu anapataje hela, huwa narudi kwenye sentensi hiyo, na mara nyingi nakuta kwamba nilitafsiri maneno nikaiacha biashara yenyewe.

Unapokabidhi, ambatanisha karatasi moja ya maelezo: nchi ya matini, maneno uliyoyaacha kwa Kihispania na sababu zake, fedha ulivyoiandika, na maswali ambayo hayakujibiwa. Maswali hayo yaandike waziwazi kwa namba ya ukurasa na mstari, ili mteja aweze kumuuliza mwenye biashara mwenyewe, Chile au Bolivia aliko, kabla fomu haijafika kwa mtoa mkopo.